Cha Kijivu

Zamu yangu ya likelemba ilifika mwezi wa tano:
wanawake wanane, dola mia moja na arobaini.
Nikazikunja ndani ya daftari la chanjo,
nikateremka kutoka Kadutu hadi Nyawera kwa miguu
nisipunguze hata franga ya pikipiki.

Zihalirwa akaviweka viwili juu ya meza,
akavipangusa kwa mkono wa shati lake.
"Hiki," akasema, "ni kishikwambi. Kinafanya yote."
Akakigusa: samaki wa rangi wakaogelea,
mpira ukapigwa huko Kinshasa, mtu akacheka,
harusi ya watu nisiowajua ikatanuka chini ya vidole vyake.
"Na hiki..."
Akakisukuma kwa kidole kimoja
kama mtu anayesogeza sahani ya jana.
"Hiki kinasoma tu."

Kinasoma tu.
Kijivu kama ziwa asubuhi ya mvua,
herufi juu yake kama sisimizi waliosimama kusikiliza.
Hakina wimbo. Hakimjui shemeji yangu
wala hakiwezi kuniletea salamu zake za kuomba pesa.

Nilisimama pale mpaka kivuli cha mlango kikahama.
Nikapiga hesabu zangu, si za muuzaji:
kwetu umeme wa Snel huja saa saba ya usiku
kama mgeni asiyebisha hodi, na huondoka kabla ya chai.
Kishikwambi kina kiu, kitakunywa leo na kesho kitalia.
Cha kijivu hukaa wiki tatu kwa funda moja.
Kishikwambi kina vitabu mia
na milango mia ya kutokea vitabuni.
Najijua. Nipe mlango, nitatoka.

"Utazililia rangi," Zihalirwa akaniambia,
akiinua noti moja moja kwenye mwanga,
akanirudishia moja yenye mpasuko mdogo kama ukucha.
Mama anayebadili pesa pale kando akaipokea,
akanikata franga elfu tano kwa ajili ya ule ukucha.

Nyumbani Ashuza akakigusa, akangoja.
Akakigonga. Akakitikisa karibu na sikio.
"Mama, kimekufa?"
"Kinafikiri."
"Walikuibia."
Nikageuza ukurasa; kikapepesa giza mara moja
kama jicho la mtu anayeamshwa,
maneno yakasimama.
Mtoto akaenda zake kucheza mpira.
Nami nikajua nilichokuwa nimenunua:
kitu ambacho nyumbani mwangu hakuna mwingine anayekitaka.

Sitasema uongo, Zihalirwa alijua jambo.
Usiku, zamu yangu, taa ya jua imening'inia kwenye msumari,
nilifika kwenye mchoro wa kiungamwana.
Mishipa mitatu. Maelezo chini yakasema:
*linganisha mwekundu na wa buluu.*
Nikalinganisha.
Majivu. Majivu. Majivu.
Nikakigeuza huku na huku, nikakipulizia,
nikakiuliza kama mwanafunzi anayeogopa mtihani:
sasa wewe, kati yenu, ni upi?
Nikawaza wale samaki wa rangi na mia yangu na arobaini.
Nikamwaza hata shemeji.

Saa tisa mama mmoja wa Cimpunda akaita,
si kwa jina, kwa ile sauti isiyo na jina.
Nikakiacha juu ya kabati la dawa.
Mtoto alikuja akiwa amekasirika, mikono mbele,
kiungamwana kikipigapiga vidoleni mwangu,
kimepindapinda, kinang'aa,
na rangi zake zote zilikuwepo,
hakuna aliyeniandikia maelezo chini.
Nilingoja kutulie. Nikafunga. Nikakata.

Nilinawa mikono hadi viwiko, nikarudi.
Kilikuwa palepale juu ya kabati,
ukurasa uleule, mishipa ileile ya majivu.
Hakikuwa kimeniita hata mara moja.